AKIBA YA MOTO NA UKAME: NJIA YA KUTOKA NANYUKI MPAKA MARSABIT

Mtu aondokaye Nanyuki alfajiri kwenda Marsabit husafiri kwa siku moja tu, lakini katika siku hiyo hupita nchi mbili zisizofanana hata kidogo. Nchi ya kwanza ni ya baridi, yenye mashamba ya ngano, ng'ombe wa maziwa na msitu wa mierezi. Nchi ya pili ni ya joto na mawe, ambamo mali ya mtu ni ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo wake. Zamani safari hii ilikuwa ya taabu nyingi. Malori yaliharibika njiani, vumbi liliingia katika kila kitu, na msafiri aliyefika salama alimshukuru Mungu. Siku hizi barabara ya lami yafika mpaka Moyale, maili zaidi ya 300 kutoka Isiolo, na mabasi huenda na kurudi kama yaendavyo Nyeri au Nakuru.

Nchi hizi mbili, ijapokuwa hazifanani, zina maadui wawili walio kama ndugu. Juu mlimani adui ni moto. Chini nyikani adui ni ukame. Wote wawili huja mvua inapokosa, na wote wawili huwauliza wananchi na Serikali yao swali lile lile: je, fedha za kupigana nasi zitatoka lini? Zitatoka kabla hatujafika, au zitatoka baada ya sisi kwisha kula? Mwenye kuifuata njia hii kuu kutoka mlimani mpaka jangwani ataona jinsi swali hilo lilivyojibiwa mahali mbalimbali, na ataona pia ni jibu gani lililofaa na lipi lililogharimu sana.

MLIMA UNAOWAKA

Kutoka Nanyuki kilele cha Mlima Kenya, chenye urefu wa futi 17,057, huonekana wazi asubuhi kabla mawingu hayajakifunika. Chini ya mlima ni mashamba. Juu ya mashamba ni msitu, na juu ya msitu ni nchi ya wazi yenye nyasi ndefu na vichaka vigumu. Mgeni hudhani kwamba mahali penye baridi na ukungu namna ile hapawezi kuungua. Sivyo. Kati ya Januari na Machi, jua linapokuwa kali na upepo ukavuma mchana kutwa, nyasi zile hukauka, na vichaka vyake vikishikwa na moto huwaka upesi kana kwamba vimemwagiwa mafuta ya taa.

Mwezi wa Machi 2012 mlima huu uliwaka kwa siku nyingi, na usiku mstari mwekundu ulionekana kutoka mashambani. Walinzi wa wanyama wa pori, walinzi wa misitu, askari wa jeshi na wenyeji waliojitolea walipanda kwenda kuuzima. Gari la zimamoto haliwezi kupanda huko. Silaha za vita hivyo ni matawi mabichi ya kupigia, mapanga, majembe, na maji yanayobebwa mgongoni. Mtu hupanda kwa saa nyingi kabla hajauona moto wenyewe, na akifika amekwisha kuchoka.

Asili ya mioto hii yajulikana. Mara nyingine ni mrina asali aliyeacha kijinga cha moto chini ya mti. Mara nyingine ni mwindaji wa siri, au mchoma makaa, au mchungaji atakaye nyasi mpya zichipuke. Ni mara chache sana moto kuanza wenyewe. Kwa hiyo kazi ya kuuzuia si kazi ya siku unapowaka, bali ni kazi ya mwaka mzima.

Sehemu ya juu ya mlima ni mbuga ya taifa tangu mwaka wa 1949, nayo hulindwa na shirika la wanyama wa pori. Misitu iliyo chini yake hulindwa na shirika la misitu lililoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2005. Sheria hiyo, pamoja na ile ya mwaka wa 2016 iliyochukua mahali pake, iliwapa wanavijiji haki ya kuunda vyama vya kutunza msitu ulio karibu nao. Mwanachama aweza kupata kuni, nyasi za mifugo, au mahali pa kuweka mizinga yake, na kwa upande wake hutazamiwa kutoa habari aonapo moshi na kwenda kusaidia kuuzima moto. Hapana shaka kwamba mtu mwenye mizinga thelathini msituni hulala na jicho moja wazi wakati wa jua kali.

Fedha za kazi hii zaweza kutumiwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kulipa vibarua kabla ya kiangazi ili wafyeke mikanda ya nyasi ambayo moto hauwezi kuivuka, kununua viatu, blanketi na redio za walinzi, na kuwalipa watu wa doria. Njia ya pili ni kungoja, kisha kukodi malori na ndege, kulisha mamia ya watu mlimani, na hatimaye kununua miche ya kupanda mahali palipokuwa na miti mikubwa. Njia ya kwanza haina sifa, kwa maana hakuna apigaye picha ya msitu ambao haukuungua. Njia ya pili huandikwa magazetini. Lakini mwerezi ulioungua haurudi kwa kura ya fedha ya mwaka mmoja. Mtu aupandaye leo hatauona umekomaa.

Kaskazini ya Nanyuki kuna mfano mwingine. Mwezi wa Machi 2021 moto ulizuka katika vilima vya Lolldaiga wakati askari wa jeshi la Uingereza walipokuwa wakifanya mazoezi huko, ukateketeza maelfu ya eka za nyasi na vichaka. Wenyeji walipeleka madai yao mahakamani. Serikali ya Uingereza ilikubali kulipa fidia mwaka wa 2025, yaani baada ya miaka minne. Fidia ni haki, wala hakuna apaswaye kuikataa. Hata hivyo, ng'ombe aliyekosa malisho mwezi wa Aprili 2021 hakuweza kuila fidia ya mwaka wa 2025.

MTO UENDAO KASKAZINI

Baada ya Timau barabara huanza kuteremka. Msafiri huyaacha mashamba ya ngano na nyumba za plastiki ambamo maua ya kuuzwa Ulaya hupandwa, na mbele yake huiona nyika ikitandazwa mpaka macho yachoke. Joto hupanda kwa kila maili. Watu huvua makoti yao garini.

Mtu aweza kudhani kwamba hapa ndipo habari za mlima zinapokwisha. Lakini kuna kamba moja inayozifunga nchi hizi mbili, nayo ni mto Ewaso Nyiro. Maji yake hutoka katika milima ya Aberdare na upande wa magharibi na kaskazini wa Mlima Kenya. Hupita katikati ya mashamba na malisho, hufika Archer's Post, huwanywesha tembo na ng'ombe wa Samburu na Isiolo, kisha huishia katika bwawa la Lorian. Msitu ndio sponji ya mto huo. Mvua ikinyesha juu ya msitu, maji huingia ardhini na kutoka polepole. Mvua ikinyesha juu ya mteremko ulioungua, maji hukimbia siku moja yakiwa na udongo, na baada ya hapo hakuna kitu.

Mtu asimamaye penye daraja la Archer's Post wakati wa ukame huona jambo hili kwa macho yake. Tangu miaka ya 1980 sehemu za chini za mto zimekauka mara kwa mara. Hapo huonekana mchanga mweupe tu, na vijana wakichimba mashimo ili wapate maji ya kunywesha. Si moto peke yake uletao hayo. Mifereji na mabomba ya mashamba ya juu huchukua maji mengi, na mvua yenyewe haitabiriki kama zamani. Lakini ni kweli kwamba shilingi iliyotumiwa vizuri mlimani hunywewa hapa mtoni, na shilingi iliyokosekana kule huongeza kiu huku. Mlinzi wa msitu aliye kwenye baridi ya Sirimon na mchungaji aliye kwenye mchanga wa Archer's Post hawajuani, lakini wanategemeana.

ISIOLO NA HABARI YA MAHINDI YA MANJANO

Mji wa Isiolo ndio mlango wa Kaskazini. Humo hukutana Waborana, Wasomali, Wameru, Waturkana na Wasamburu, na soko lake la mifugo ni shule nzuri kwa mtu atakaye kujua ukame ni nini. Katika mwaka mwema mbuzi mmoja hununua mahindi ya kutosha nyumba kwa muda mrefu. Mvua ikikosa, mbuzi hukonda na bei yake hushuka. Wakati huo huo mahindi huadimika na bei yake hupanda. Basi mchungaji huuza mbuzi wawili, kisha watatu, apate gunia lile lile. Yaani ukame humwibia mara mbili katika siku moja ya soko. Watu wa nyikani hawafi njaa kwa sababu chakula hakipo nchini. Mara nyingi hufa kwa sababu mali yao imekosa thamani kabla chakula hakijawafikia.

Wazee wengi wa Kenya bado wanaukumbuka mwaka wa 1984. Mvua za masika zilikosa karibu nchi nzima, mashamba ya mahindi yakanyauka, na nchi jirani ya Ethiopia ikaingia katika njaa iliyojulikana duniani pote. Kenya haikuingia katika njaa ya namna ile. Sababu moja kubwa ni kwamba Serikali haikungoja misaada. Mara mvua ilipoonekana kukosa, iliagiza mahindi kutoka ng'ambo kwa fedha zake yenyewe, na shehena zikaja kabla maghala hayajawa matupu. Mahindi hayo yalikuwa ya manjano, na watu wengi waliyanung'unikia kwa sababu ya ladha yake. Lakini mtu anung'unikaye juu ya ladha ya chakula ni mtu anayekula. Fundisho la mwaka ule lilikuwa hili: fedha chache zilizotoka mwezi ufaao zilifanya kazi ambayo fedha nyingi zisingeweza kuifanya baadaye.

MKANDA KATIKA MKONO WA MTOTO

Kupita Archer's Post, mlima wa Ol Lolokwe husimama kushoto kama ngome ya jiwe, na barabara huelekea Merille na Laisamis, nchi ya Wasamburu na Warendille. Hapa ndipo ilipo kazi isiyojulikana sana na watu wa mashambani, nayo ni kazi ya kuupima ukame kabla haujaua.

Kazi hii ilianza Turkana katika miaka ya 1980, ikaenezwa katika wilaya nyingine kavu kwa mradi ulioanza mwaka wa 1996 kwa fedha za Benki ya Dunia, na mwaka wa 2011 Serikali ikaunda mamlaka ya taifa ya kusimamia mambo ya ukame. Bunge liliipa mamlaka hiyo sheria yake mwaka wa 2016. Kazi yake huenea katika kaunti 23.

Njia yake ni rahisi kuieleza. Kila mwezi, watu waliochaguliwa hutembelea nyumba zile zile na kuuliza maswali yale yale. Je, ng'ombe wanatoa maziwa kiasi gani? Maji yako umbali gani? Mbuzi anauzwa kwa bei gani, na mahindi je? Kisha huuzungusha mkanda mdogo wenye rangi katika mkono wa mtoto, juu ya kiwiko. Rangi ya kijani ni salama. Ya manjano ni onyo. Nyekundu ni hatari. Pamoja na hayo, setilaiti zizungukazo dunia hupima jinsi nchi ilivyo na majani mabichi. Habari hizo zote huunganishwa, na kila kaunti hutangaziwa hali yake: ya kawaida, ya tahadhari, ya hatari, ya dharura, au ya kupata nafuu.

Faida ya majina hayo ni kwamba yanaondoa ubishi. Zamani mtu mmoja alisema kuna njaa, mwingine akasema hakuna, na wakati wa kubishana ng'ombe walikuwa wakifa. Sasa kila hali ina kazi yake iliyokwisha kuandikwa. Katika hali ya tahadhari pampu za visima hutengenezwa na wanyama huchanjwa. Katika hali ya hatari wanyama hununuliwa wakiwa bado na nyama, na maji hupelekwa kwa malori. Mtu ajengaye ghala wakati wa mavuno hafanyi jambo tofauti na hili.

FEDHA ZINAZOTANGULIA NJAA

Kutokana na vipimo hivyo kumetokea njia za kutoa fedha ambazo babu zetu hawakuzijua. Njia moja ni mpango wa kukinga njaa ulioanzia katika kaunti nne za Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera. Kuanzia mwaka wa 2013, katika awamu yake ya pili, watu wa kaunti hizo waliandikishwa na wengi wakafunguliwa hesabu katika benki. Nyumba zipatazo 100,000 zilizo maskini kabisa zilipewa fedha za mara kwa mara, ambazo baadaye zilikuwa shilingi 5,400 kila miezi miwili. Nyumba nyingine hazikupewa kitu katika miezi ya kawaida. Lakini setilaiti zilipoonyesha kwamba nchi yao imekauka sana, nazo zilipelekewa fedha. Malipo ya namna hiyo yalifanywa kwa mara ya kwanza mwaka wa 2015. Mtu alikwenda na kadi yake kwenye duka lililo karibu, akapokea fedha, akanunua unga palepale. Mwenye duka naye akapata biashara, wala hakufunga mlango wake kwa sababu ya magunia ya bure.

Njia nyingine ilianzia Marsabit mwezi wa Januari 2010, nayo ni bima ya mifugo. Hapana bwana yeyote aendaye jangwani kuhesabu mizoga. Setilaiti huutazama ukijani wa nchi, na ukishuka chini ya kipimo kilichokubaliwa, waliolipa bima hulipwa wote. Malipo ya kwanza yalitolewa huko Marsabit mwezi wa Oktoba 2011. Mwaka wa 2015 Serikali yenyewe ilianza kuwalipia bima wafugaji wasio na uwezo, kwanza katika Turkana na Wajir, kisha katika kaunti nyingine.

Yafaa kuangalia jambo moja katika historia ya bima hii. Mwanzoni ilikusudiwa kumlipa mtu kwa mnyama aliyekwisha kufa. Baadaye mpango ulibadilishwa, ikawa malipo hutolewa mapema, ili mwenye mifugo anunue nyasi, maji na dawa, na mnyama asife. Badiliko hilo laonekana dogo katika karatasi, lakini ndiyo tofauti kati ya kununua jeneza na kununua dawa.

MWAKA ULIOTAZAMIWA NA MWAKA ULIOKUJA

Baada ya ukame mkali wa mwaka wa 2011, wakuu wa nchi za Pembe ya Afrika walikutana Nairobi mwezi wa Septemba mwaka huo huo. Hesabu iliyofanywa baadaye ilionyesha kwamba ukame wa miaka ya 2008 mpaka 2011 uliigharimu Kenya shilingi bilioni 968.6, na zaidi ya bilioni 699 za hizo zilikuwa katika mifugo peke yake. Kenya ikaandika mpango wenye kusudi la kumaliza dharura za ukame ifikapo mwaka wa 2022.

Mwaka wa 2022 ulipofika, Kaskazini ilikuwa katika ukame ambao wazee walisema hawajauona. Mvua zilikosa misimu mitano mfululizo, kuanzia vuli ya mwaka wa 2020 mpaka vuli ya mwaka wa 2022. Mwezi wa Septemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza ukame kuwa janga la taifa. Kufikia mwanzo wa mwaka wa 2023 mifugo zaidi ya milioni 2.5 ilikuwa imekufa, na watu zaidi ya milioni 4 walihitaji msaada. Wakati huo kando ya barabara ya Laisamis mizoga ilikauka juani, na mtu aliyekuwa na ng'ombe mia akawa na fimbo yake tu.

Je, mpango ulikuwa wa bure? Haitakuwa haki kusema hivyo. Ukame wa misimu mitano ungaliweza kuua watu wengi sana kama barabara, fedha za benki na habari za kila mwezi zisingalikuwako. Lakini yapasa kusema pia kwamba vipimo na fedha ni vitu viwili. Taarifa ziliandikwa, zilionya mapema, walio na macho walisoma. Kanuni za mfuko wa taifa wa dharura ya ukame zilitangazwa mwaka wa 2021, na wakati huo mvua za kwanza zilikuwa zimekwisha kukosa. Mtu aliyeanza kushona mfuko wakati mbegu inamwagika hawezi kuiokota yote.

Hapa mtu aliyezoea kazi za ofisi ataona taabu moja iliyojificha. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai. Kwa sheria, makadirio ya kaunti hupelekwa katika baraza la kaunti kabla Aprili haijaisha. Lakini kukosa kwa mvua za vuli hakujulikani mpaka Disemba, na moto wa mlimani huja Januari, Februari na Machi. Basi kalenda ya ofisi na kalenda ya mawingu hazilingani. Ikiwa fedha hazikuwekwa akiba kabla ya Julai, lazima ziombwe katikati ya mwaka. Maombi huenda, hurudi, hutiwa sahihi, na miezi hupita. Hakuna mtu mbaya katika habari hii, wala hakuna mwizi. Kuna fedha zilizo njiani tu. Ng'ombe hajui kwamba fedha zi njiani.

Sheria zenyewe zimeruhusu akiba hiyo. Katiba ya mwaka wa 2010 iliweka mfuko wa Serikali kuu kwa mambo yasiyotazamiwa, na sheria ya fedha za umma ya mwaka wa 2012 ilisema kwamba mtaji wake wa kudumu usizidi shilingi bilioni 10. Sheria hiyo hiyo iliruhusu kila kaunti kuwa na mfuko wa dharura usiozidi asilimia 2 ya mapato yake. Utafiti uliofanywa kwa ajili ya Serikali ya Marekani katika Kenya, Ethiopia na Somalia, na kutolewa mwaka wa 2018, ulionyesha kwamba dola moja iliyowekwa mapema yaweza kuokoa kufikia dola tatu za msaada na hasara. Mkulima hahitaji utafiti kuyajua hayo. Yeye huweka mbegu ya mwaka ujao kabla hajala, hata kama watoto wanalalamika.

MLIMA ULIO KATIKATI YA JANGWA

Jua likielekea kuzama msafiri hupita Log Logo, na mbele yake huona kitu cha ajabu: mlima wa kijani uliosimama peke yake katikati ya nchi ya mawe. Huo ndio Marsabit. Ukungu wa usiku hunaswa na miti ya msitu wake, hudondoka chini, na hutoka katika chemchemi kama zile za Bakuli. Karibu na mlima kuna visima virefu vya Waborana, ambamo vijana husimama mmoja juu ya mwingine, wakipeana ndoo mkono kwa mkono huku wakiimba ili kipimo cha kazi kisipotee. Ziwa Paradise, lililo ndani ya msitu, hujaa katika miaka ya mvua na hukauka kabisa ukame ukiwa mkali.

Katika mlima huu moto na ukame hukutana mahali pamoja. Nyika ikikauka, wachungaji huingiza ng'ombe wao msituni, kwa maana hawana mahali pengine. Pamoja na watu huja jiko, sigara na kijinga cha kurinia asali, na msitu nao umekauka. Mtu asiyesaidiwa nyikani mwezi wa Oktoba huonekana msituni mwezi wa Februari. Kwa hiyo fedha za ukame ni fedha za moto pia, na aliyezitenganisha katika vitabu vya hesabu asizitenganishe katika akili yake.

Msitu wa Marsabit una kumbukumbu moja ya kufaa. Zamani aliishi humo tembo aliyeitwa Ahmed, mwenye pembe ndefu mno. Mwaka wa 1970 Rais Jomo Kenyatta alitoa amri kwamba tembo huyo alindwe, na walinzi wakawekwa kumfuata usiku na mchana. Alikufa mwaka wa 1974 kwa uzee wake, si kwa risasi, na mfano wake umewekwa katika makumbusho ya Nairobi. Watu walicheka wakati ule kwamba Serikali inalipa mishahara ya kumfuata mnyama mmoja. Lakini kazi ile ilifaulu kwa sababu moja tu: walinzi waliwekwa akiwa hai.

Mambo ambayo mwananchi wa kawaida aweza kuyafanya ni machache, lakini yana nguvu. Mwenye mifugo asikilize hali iliyotangazwa ya kaunti yake, na auze wanyama wachache wakiwa bado wanene. Akaaye kando ya msitu aingie katika chama cha msitu, akafyeke kabla ya Januari. Na kila mtu ajuaye kusoma ahudhurie mkutano wa makadirio ya kaunti yake, maana Katiba imempa haki ya kusema. Hapo asiulize tu barabara ipi itajengwa. Aulize pia: akiba ya moto na ukame ni kiasi gani, iko wapi, na nani atatia sahihi ili itoke siku ya kwanza?

Wazee walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika njia hii ya Nanyuki mpaka Marsabit nyufa zote zajulikana, na majina yake yameandikwa, na hata mwezi wake wajulikana. Lililobaki ni udongo wa kuziba uwe tayari mkononi kabla jua halijawa kali.